Deluxe Reverb inatikitika nikiwasha tremolo. Valvu nimebadilisha, bado iko pale pale

#1 NyuziSita

Wakuu, habari za wikendi. Naombeni msaada, hapa nilipofika nimebakiza kulia tu.

Nina amplifaya ya gita, Fender Deluxe Reverb ya 1974, ile ya uso wa fedha. Utamu wa sauti yake sina la kusema. Ila nikikanyaga pedali ya tremolo (ile inayopandisha na kushusha nguvu ya sauti), hata kama gita halijachomekwa, spika inaanza: tik, tik, tik, tik. Nikiongeza kasi ya tremolo nayo inakimbia, nikipunguza inatembea taratibu kama saa ya ukutani. Nikipiga kwa nguvu inafunikwa, siioni. Shida ni nyimbo za polepole, pale unapoiacha noti ife yenyewe. Noti inakufa, tik inabaki. Kurekodi ndiyo kabisa, nimeacha.

Historia yake: niliinunua ikiwa na ngurumo kubwa. Nikampelekea fundi, akabadilisha kapasita zote za kuchuja umeme pamoja na zile ndogo za kathodi. Ngurumo ikaisha, na kazi yake kwa macho ni safi sana. Hii tik sijui kama ilikuwepo kabla, maana ile ngurumo ilikuwa inameza kila kitu. Nilipomrudia akaniambia za zamani ndivyo zilivyo, nizoee.

Valvu ya tremolo, ile chupa ya kioo, nimeshabadilisha tatu. Ya kwanza ilipunguza kidogo, mbili zilizofuata hakuna kitu. Kweli ndivyo zilivyo?

#2 BisibisiKuu

Mkuu, badilisha valvu zote kwa mpigo, usibahatishe moja moja. Halafu weka kapasita ya mikrofaradi 0.02 kwenye neoni, ile balbu ndogo ya tremolo, kwisha habari. Mbona hii inajulikana.

#3 Mpita Njia

Mwenzio umepewa metronomu ya bure unalalamika 😂

#4 Mzee wa Valvu

NyuziSita, pole. Kabla hujatumia hela wala hujafungua skrubu hata moja, nataka ufanye mambo manne, yote kwa vidole tu. Gita lisichomekwe. Tremolo iwe imewaka, kasi ya katikati.

Kwanza, shusha kitasa cha nguvu ya tremolo, kile cha mwisho kulia, mpaka sifuri. Tik inaisha au inabaki? Pili, shusha voliyumu ya chaneli ya tremolo mpaka sifuri, usikie kama inabadilika. Tatu, fanya hivyo hivyo kwa rivabu, kitasa cha mwangwi: sifuri, kisha tatu, kisha sita. Nne, shika kebo ya pedali, isogeze huku na huku, ikunje, ipitishe nyuma ya amplifaya kisha mbele, huku ukisikiliza.

Andika majibu hapa. Usiniambie "kama inapungua". Niambie inapungua kwa kitasa kipi.

Na swali moja la sikio: ni *tik*, kavu na nyembamba kama ukucha juu ya meza? Au ni *dup*, nzito, na koni ya spika unaiona inasukumwa? Hayo ni magonjwa mawili tofauti, na nimeona watu wakitibu moja kwa dawa ya jingine miezi na miezi.

#5 BisibisiKuu

Mzee shikamoo, lakini hiyo si mizunguko mingi? Kapasita moja tu.

#6 Mzee wa Valvu

Marahaba. Kapasita itakuja, sijaikataa. Ila ukiweka kiraka kabla ya kujua tundu liko wapi, siku kiraka kikishindwa huna pa kuanzia.

#7 NyuziSita

Nimerudi. Shikamoo mzee.

Ni *tik*, kavu. Koni haitikisiki.

Kitasa cha nguvu kikiwa sifuri: tik inabaki vile vile. Hii imenishangaza, maana tremolo yenyewe haisikiki tena kabisa lakini tik ipo.

Voliyumu sifuri: inapungua kidogo sana, labda nimejidanganya.

Rivabu sifuri: inapungua sana! Inakaribia kuisha. Rivabu tatu: inarudi. Rivabu sita: ni kubwa na ina mkia, yaani tik yenyewe inapata mwangwi.

Kebo ya pedali: nikiikunja karibu na amplifaya inabadilika kidogo. Sikutegemea.

#8 Mzee wa Valvu

Safi sana. Umeshafanya nusu ya kazi na bado hujashika bisibisi. Sasa ngoja nieleze kinachotokea humo ndani, na wengine wasome.

Kwenye Fender nyingi za uso mweusi za 1963 hadi 1967, na nyingi za uso wa fedha zilizofuata, tremolo inafanya kazi hivi. Valvu ya tano ukihesabu kutoka upande wa matundu ya gita ni ya aina ya 12AX7, yenye nusu mbili. Nusu ya kwanza ni oskileta: inajilisha yenyewe kupitia ngazi tatu za kapasita na rezista, kila ngazi ikiichelewesha ishara kidogo, mpaka inaporudi kwenye gridi, mlango wa ishara kuingia kwenye valvu, imegeuka nusu duara na inajisukuma tena. Ndiyo maana ukiangalia utakuta kapasita tatu zimepangana hapo, 0.02 moja na 0.01 mbili. Inapanda na kushuka mara chache kwa sekunde. Hiyo ni mwendo laini, hauna tik ndani yake.

Nusu ya pili inaendesha balbu ndogo ya neoni iliyofungiwa ndani ya kijibomba cheusi pamoja na rezista inayobadilika kwa mwanga. Balbu ikiwaka, rezista inashuka, sauti yako inavutwa kwenda eathi. Balbu ikizima, sauti inarudi. Hiyo ndiyo tremolo.

Sasa shida. Neoni haijui kuwaka taratibu. Balbu ya nyuzi inapashwa joto, inang'aa kidogo kidogo. Neoni inakaa gizani, gizani, gizani, mpaka volti zinapofika kiwango chake, makumi kadhaa ya volti, halafu *pa*, imewaka. Mkondo unaruka mara moja kutoka sifuri. Ule mruko una makali, na chochote chenye makali kwenye umeme kinarukia waya wa jirani bila kugusana nao, hasa jirani akiwa ni waya wa gridi ambao ishara yake inasubiri kukuzwa.

Kwa hiyo tik inazaliwa kwenye kila amplifaya ya aina hii, na fundi wako hapo hajakosea. Alipokosea ni kusema uzoee. Waliotengeneza walijua ipo, wakapitisha nyaya zake mbali na zile zinazosikia.

Turudi kwenye majibu yako. Kitasa cha nguvu kikiwa sifuri oskileta bado inazunguka na neoni bado inawaka, ila haiigusi sauti. Kwa kuwa tik imebaki, haiji kwa njia ya tremolo yenyewe. Inarukia mahali. Voliyumu haiiathiri, kwa hiyo haiingii mwanzoni mwa chaneli. Rivabu inaiathiri sana. Angalia uso wa amplifaya yako: kitasa kilicho jirani kabisa na cha rivabu ni kipi?

#9 NyuziSita

Kasi ya tremolo 😳

#10 Mzee wa Valvu

Eeh.

Waya wa rivabu unaotoka pale unakwenda kwenye gridi ya valvu ya nne, ikiwa na kazi ya kukuza tena. Na pedali yako ina kamba mbili ndani ya kebo moja: ya rivabu na ya tremolo, zimelala pamoja urefu mzima. Ndiyo maana kuikunja kunabadilisha.

Hatua inayofuata, ukitaka kuhakikisha. Zima, subiri zipoe, chomoa valvu ya pili, washa. Tik ikibaki vile vile, basi inaingia baada ya hapo. Zima, irudishe, chomoa ya nne, washa. Ikinyamaza, mlango ni pale kwenye ya nne. Valvu hizi ndogo zimepewa moto sambamba, kuchomoa moja hakuzimi nyingine.

#11 Mpita Njia

Swali la mjinga: mbona kwenye uso wa amplifaya wameandika Vibrato na nyinyi mnasema tremolo?

#12 Mzee wa Valvu

Si la mjinga. Tremolo ni nguvu ya sauti kupanda na kushuka. Vibrato ni kimo cha noti kupanda na kushuka, kama mwimbaji anavyotetemesha koo. Fender walibadilishana majina: kwenye amplifaya tremolo wakaiita vibrato, na kwenye gita la Stratocaster la 1954 ule mkono unaovuta nyuzi, ambao ni vibrato halisi, wakauita tremolo. Miaka yote hii hakuna aliyerudi kusahihisha.

Na tremolo haikuanzia kwao. Miaka ya 1940 kampuni ya DeArmond walikuwa na kisanduku chenye mota inayotikisa kichupa cha maji yanayopitisha umeme. Maji yakigusa kipande cha chuma sauti inapungua, yakiondoka inarudi. Hicho nadhani hakikutika, kilimwagika tu.

#13 DadaGita

Shikamoo mzee, na samahani kuingilia uzi wa mtu. Mimi nina amplifaya ya Fender Princeton Reverb na yangu siyo tik, ni ile *dup dup dup* uliyosema. Koni naiona inakwenda mbele na nyuma hata gita halijachomekwa. Nami nichunguze waya za rivabu?

#14 Mzee wa Valvu

Marahaba mwanangu. Hapana, usiguse hizo. Princeton haina neoni kabisa. Tremolo yake inatikisa volti hasi za gridi za valvu mbili kubwa za mwisho, zote mbili kwa pamoja. Ni ugonjwa mwingine, nitakujibu peke yake nikimalizana na NyuziSita. Kwa sasa nijibu moja: hizo valvu zako mbili kubwa, zile za 6V6, zilinunuliwa pamoja au moja moja?

#15 DadaGita

Moja ilikufa mwaka jana nikabadilisha hiyo tu.

#16 BisibisiKuu

Hahaha hapo umejijibu dada. Nunua jozi.

#17 NyuziSita

Wakuu, matokeo. Valvu ya pili nje: tik ipo. Valvu ya nne nje: kimya kabisa. KIMYA. Nimekaa dakika nzima nasikiliza kimya.

Nafungua chasisi kesho.

#18 Mzee wa Valvu

Kabla ya kesho, soma hii mara mbili.

Humo ndani kuna zaidi ya volti 400 za mkondo mnyoofu, na kapasita za kuchuja zinaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa plagi. Amplifaya iliyozimwa si amplifaya iliyokufa. Chomoa plagi ukutani, si kuzima swichi tu. Kisha mwaga chaji kupitia rezista, si kwa bisibisi. Ile cheche ya bisibisi watu wanayoipenda inaumiza kapasita na siku moja itaumiza macho. Mimi nina waya wenye vibanio viwili na rezista ya kilo-omu 100 ya wati chache katikati: kibanio kimoja kwenye chasisi, kingine kwenye mguu chanya wa kapasita, subiri. Halafu pima kwa mita. Usiamini waya, amini mita. Chini ya volti chache ndipo mikono iingie. Na pima kapasita zote, moja ikishuka haina maana nyingine zimeshuka.

Ukihitaji kusogeza nyaya huku imewaka ili usikie, tumia kijiti cha mianzi kikavu, kirefu, na mkono mwingine uwe mfukoni. Pete na saa vua. Kama hata sentensi moja hapa imekutia wasiwasi, mpelekee fundi na umwonyeshe ukurasa huu. Hakuna aibu.

Usiwashe kamwe bila spika kuunganishwa. Transfoma ya kutolea sauti haipendi.

#19 BisibisiKuu

Hapo mzee nakuunga mkono mia kwa mia. Mimi ilinirusha mara moja, mkono ulikufa ganzi mpaka jioni. Tangu hapo mkono wa kushoto unaishi mfukoni.

#20 NyuziSita

[picha]

Wakuu, nimefungua. Nimemwaga chaji, mita inasoma volti 1. Humo ndani ni pasafi mno, yaani fundi alipanga kila kitu, angalieni nyaya za nyuma ya vitasa zimefungwa kwa vile vikanda vya plastiki, zimelala sambamba kama nywele zilizosukwa. Sioni kosa.

#21 Mzee wa Valvu

Mimi naliona.

Hizo nyaya zilizosukwa ndizo ugonjwa wako. Humo ndani ya huo msuko mmoja kuna waya wa kasi, wa nguvu ya tremolo, na wa rivabu, zimebanwa bega kwa bega kwa urefu wa kiganja kizima. Ulivyotoka kiwandani, kila waya ulikwenda zake: mwingine juu, mwingine chini umelala kwenye chasisi, mwingine umekatiza. Kwa mtu anayependa nadhifu inaonekana kama kiota cha ndege. Kumbe kile kiota ndicho kilichoweka umbali.

Fundi wako hakuwa mvivu. Alikuwa na bidii mahali pasipotakiwa. Alipobadilisha kapasita alisogeza nyaya, akaona aziache nadhifu kuliko alivyozikuta.

Kata hivyo vikanda. Waya za tremolo zilaze chini kabisa kwenye kona ya chasisi, zishikamane na chuma. Za rivabu na zinazokwenda kwenye gridi ya valvu ya nne ziinue, ziwe fupi, zisitembee pamoja na za tremolo. Zikilazimika kukutana, zikatane kwa msalaba, zisilale sambamba. Kisha funika, washa, sikiliza.

#22 Mpita Njia

Kwa hiyo usafi ndio umeharibu. Nimtumie picha hii mke wangu anayenilaumu kuhusu meza yangu ya kazi.

#23 NyuziSita

MZEE.

Nimekata vikanda vinne. Nikaachanisha kama ulivyosema. Nikiwasha, rivabu ikiwa tatu, naisikia tu nikiweka sikio kwenye kitambaa cha spika. Rivabu sita bado ipo kidogo. Nimetumia kijiti kusogeza waya wa kasi: nikiuleta karibu na waya wa rivabu, umbali wa kidole, tik inapanda kama unaongeza voliyumu. Nikiurudisha chini kwenye chasisi inazama. Nimecheza hivyo robo saa, ni kama kinanda.

Kilichobaki kinabadilika nikigusa kebo ya pedali.

#24 Mzee wa Valvu

Kebo ya pedali ni ya asili?

#25 NyuziSita

Hapana, nilitengeneza mwenyewe kwa kebo ya simu.

#26 Mzee wa Valvu

Basi umejijibu. Tumia kebo mbili zenye wavu wa kinga, kila moja na wavu wake, ya rivabu peke yake na ya tremolo peke yake. Kwa kujaribu tu: chomoa pedali nzima, kisha chukua plagi moja ya RCA uliyounganisha ncha zake mbili kwa lehemu, ichomeke kwenye tundu la tremolo. Kwenye hizi oskileta inazuiwa na volti hasi mpaka tundu hilo lishikishwe eathi, kwa hiyo plagi hiyo itaiwasha bila pedali. Tik ikiisha, ilikuwa kebo.

#27 BisibisiKuu

Na kapasita yangu mnaifanyaje? Nimeisubiri tangu posti ya pili.

#28 Mzee wa Valvu

Sasa zamu yake imefika. Kuna rezista ya megaomu 10 karibu na kijibomba cha neoni. Kapasita ya kati ya 0.01 na 0.022 mikrofaradi, ya volti 600, sambamba na rezista hiyo, inalainisha ule mruko wa neoni, makali yanapungua. Ni dawa ya kweli na imetumika miaka mingi. Ila inapunguza ukali kwenye chanzo tu. Waya zikiwa zimesukwa pamoja, utaiweka, tik itapungua nusu, utalaumu kapasita.

Usiweke ya volti 50 uliyoiokota kwenye redio. Na usizidishe thamani ukidhani kubwa ni bora, mapigo ya tremolo yatalegea.

Kuhusu "badilisha valvu zote": oskileta hii inahitaji nguvu ya kukuza. Ngazi tatu zilizo sawa hupunguza ishara mara 29, kwa hiyo valvu lazima ikuze zaidi ya hapo la sivyo haizunguki. 12AX7, inayoitwa pia ECC83, kipimo chake ni 100, ina nafasi ya kutosha. 12AU7 haifiki hata 20. Mtu akikushauri uweke hiyo ili tik ipungue, ni kweli itapungua, na tremolo nayo itaondoka.

Wale wanaotaka kung'oa neoni na kuweka LED: inawezekana, lakini si kwa kubadilishana tu. Neoni inakula volti nyingi na mkondo kiduchu, LED ni kinyume chake. Saketi ya kuiendesha lazima ibadilike.

#29 BisibisiKuu

Nimekubali mzee. Ila mjue nilisema.

#30 DadaGita

Mzee sijakusahau 🙂 Nimesoma yote. Nina mita. Jozi mpya bado sijanunua, BisibisiKuu anasema ninunue, nasubiri neno lako.

#31 Mzee wa Valvu

Umefanya vizuri kusubiri.

Kwenye Princeton, tremolo inazisukuma valvu mbili juu na chini kwa pamoja. Gita lisipopigwa, msukumo huo unafika kwenye transfoma ya kutolea sauti kutoka pande mbili zinazopingana, unajiua wenyewe, spika haipati kitu. Hiyo ni iwapo pande mbili zinalingana. Upande mmoja ukivuta zaidi, tofauti inabaki, na tofauti hiyo ndiyo *dup* yako. Kwa hiyo ndiyo, tunatafuta kutolingana. Lakini kutolingana kuna wazazi wawili: valvu yenyewe, au kile kinachoilisha.

Pima mkondo wa kila valvu. Kama kuna rezista ya omu 1 kati ya mguu wa 8 na eathi, milivolti unazosoma ndizo miliampia. Kama hakuna, mwambie anayejua kulehemu akuwekee. Nguvu ya tremolo iwe sifuri wakati wa kupima, la sivyo namba zitacheza ngoma. Andika namba mbili. Kisha zima, subiri zipoe, badilishana valvu nafasi, pima tena. Niletee namba nne. Yale maonyo ya posti ya 18 yanakuhusu na wewe.

#32 DadaGita

Rezista zipo, aliyekuwa nayo kabla aliweka.

Kwanza: kushoto 18, kulia 30.
Nimebadilishana: kushoto 19, kulia 28.

Hii maana yake nini?

#33 BisibisiKuu

Duh. Tofauti haikuhama.

#34 Mzee wa Valvu

Haikuhama. Ingekuwa valvu, 30 ingekwenda kushoto pamoja nayo. Imebaki kulia, kwa hiyo kosa ni la upande, na jozi mpya ungeinunua bure.

Sasa pima volti kwenye mguu wa 5 wa kila soketi, tremolo bado sifuri. Zote mbili ziwe hasi na ziwe sawa. Ukikuta hasi ya kulia ni ndogo kuliko ya kushoto, mtuhumiwa wa kwanza ni kapasita inayoleta ishara kwenye gridi hiyo. Upande wake wa pili una volti nyingi chanya, na ikichakaa inazivujisha. Gridi inapoteza hasi yake, valvu inavuta zaidi. Iache hivyo na valvu itapikwa. Ile iliyokufa mwaka jana ilikuwa upande gani?

#35 DadaGita

Kulia 😐

Na volti: kushoto hasi 34, kulia hasi 27.

#36 Mzee wa Valvu

Usiiwashe tena mpaka kapasita hiyo ibadilishwe. Badilisha na ya upande wa pili, zina umri mmoja. Kisha pima zile namba tena. Tofauti ya miliampia mbili tatu usijali, dup itakuwa imezama.

#37 NyuziSita

Wakuu ripoti ya mwisho. Plagi ya RCA niliijaribu, tik ikaisha kabisa hata rivabu saba. Kwa hiyo kweli, kebo ya simu. Nimetengeneza nyingine mbili zenye wavu, kila moja peke yake. Sasa rivabu nne, kasi ya chini, nguvu tano, noti inakufa na kimya kinafuata. Kapasita ya BisibisiKuu nimeinunua lakini sijaiweka, imo kwenye droo.

Nilimpigia fundi nikamweleza kuhusu vikanda. Alinyamaza kidogo, akasema ana amplifaya nyingine mbili alizozifunga hivyo, atazifungua.

Ila nina swali. Nimerudisha chasisi kwenye kabati na mezani imebaki skrubu moja fupi yenye washa ya meno. Ni ya wapi?

#38 Mzee wa Valvu

Washa ya meno? Fungua tena. Hiyo inashikilia kitu kwenye chasisi, na chochote kinachoshikwa kwa washa ya meno mara nyingi ni eathi.

#39 NyuziSita

Nafungua.

#40 DadaGita

Na mimi nimebadilisha. Kushoto 21, kulia 22. Koni imetulia.